Wana-Baruti Kwenye Mpaka wa Mzee Elisaria

Panga tuliliacha juu. Wiki nzima wewe umekula, umelala, umeoga au hujaoga, na panga la Mzee Elisaria bado liko juu, na kichwa cha Praygod bado kiko chini yake.

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia maandazi, nisikilize haraka haraka, maana mkono wa mzee umeanza kuchoka.

Praygod ni kijana wa Kirua Vunjo, kazi hana, cheo anacho. Ni mwenyekiti wa Wana-Baruti, mashabiki wa Lulu Baruti, tawi la Kilimanjaro. Leo jioni Lulu anapiga shoo uwanjani, Moshi mjini. Imetangazwa hivi: tawi litakalofika getini la kwanza, watu wake wote pamoja, hakuna aliyebaki, ndilo litasimama mbele kabisa, na mwenyekiti wake atapanda jukwaani kumvisha Lulu shada la maua. Mwisho saa kumi. Praygod hilo shada ameivisha mito, ameuvisha mlango, amemvisha mpaka ndama wa mama yake, yote mazoezi. Na Arusha nao wanalitaka.

Shida ni kwamba Wana-Baruti wanajuana kwa grupu la simu tu. Hawajawahi kuonana. Kwa hiyo wakutane kwanza, ndiyo waende. Wakutane wapi? Wa Tarakea wakataka Tarakea. Wa Kirua wakataka Kirua. Rukaya, ambaye kwao ni Moshi mjini na akifungua dirisha anaona taa za uwanja, akaandika, "Jamani, si tukutane tu pale nje ya uwanja?" Akaambiwa ana ubinafsi. Kamati ikakaa, ikachagua Old Moshi, kwa sababu Old Moshi ni mbali kwa kila mtu, kwa hiyo ni haki.

Na watatambuanaje? Fulana zilishindikana, kila mjumbe alitaka shangazi yake ndiye ashone. Basi mwenyekiti akatoa wazo: kila mtu aje ameshika jani la isale. Ni la bure, liko kwenye mpaka wa kila kihamba, shamba la ukoo, mlimani, na kwenye picha linatoka kali. Wakapiga makofi ya simu.

Praygod alisahau mambo mawili. La kwanza, watu wa mjini hawana kihamba. Walifika mikono mitupu, naye akawaambia, "Vunjeni hapo kwenye huo uzio, yako mengi." Huo uzio ulikuwa mpaka wa Mzee Elisaria. La pili ndilo tunalokwenda kuliona sasa.

"Nani amegusa mpaka wangu?"

Watu arobaini na kitu, kila mmoja akamwangalia mwenzake.

Ndipo Rukaya, ambaye akiogopa adabu humtoka yenyewe, akapiga kelele: "Shikamoo babu!"

"Shikamoooo!" wote wakaitikia nyuma yake kama darasa la pili.

Mzee Elisaria alibaki mdomo wazi. Mtu wa rika lake anaweza kukukata, lakini hawezi kuiacha shikamoo ielee hewani. "Marahaba," akasema. Akageuka upande wa pili. "Marahaba. Marahaba na nyie kule nyuma. Nauliza, nani amegusa mpaka wangu?"

Praygod akamtafuta makamu wake, Jesse wa Tarakea. Jesse kwenye grupu aliwahi kuandika kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya Baruti. Sasa hivi alikuwa amejificha nyuma ya katibu, dada mmoja mwembamba anaitwa Gladness.

"Mwenyekiti, ongea," Jesse akanong'ona.

"Ongea wewe, si ndiyo makamu?"

"Makamu anaongea mwenyekiti asipokuwepo."

"Basi vumilia kidogo," Gladness akasema akiliangalia panga. "Naona muda si mrefu hatakuwepo."

Magoti ya Praygod yakaamua yenyewe. Yakaenda chini pu! Na mkono wake, ambao ulitaka tu kukinga kichwa, ukapanda juu ukiwa na lile jani la isale.

Panga likasimama.

Mzee Elisaria akaliangalia jani. Akainua macho, akaona la pili, la tatu, akaona kila mkono mbele yake umeshika isale. Panga likashuka polepole kama bendera jioni.

"Ruwa wangu, Mungu wangu," akasema. "Aikaeli! Toka uone! Aikaeli!"

Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akaona. Mwiko ukamdondoka.

Sasa hili ndilo jambo la pili, na Praygod asijifanye hakulijua, bibi yake alimwambia, ila siku hiyo alikuwa ameziba masikio na muziki. Mlimani mtu akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha. Hata kama alikufanyia unyama gani, ukiliona hilo jani unashusha hasira zako chini. Ukilikataa, ubaya unahamia kwako na kwa watoto wako. Jani moja linatosha kupatanisha koo mbili. Mzee Elisaria alikuwa anayaangalia arobaini na kitu.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Nimeamua kesi za watu mpaka nimechoka. Lakini msamaha wa basi zima, huu sijauona." Akavua kofia, akafutia macho.

"Tumepona," Praygod akanong'ona.

Kule barabarani Khamisi, dereva wa kosta waliyokodi, akapiga honi. Maana yake: kushuka mjini kuna foleni leo.

"Aika, babu, asante sana," Praygod akasema akijipangusa magoti. "Basi sisi tunashukuru, ngoja tu tuwahi..."

"Kuwahi wapi? Semeni kosa kwanza."

"Kosa?"

"Isale linakuja na kosa. Mlinikosea nini?"

"Tumekuvunjia masale yako, babu."

"Hilo ni la sasa hivi." Mzee akamnyooshea kidole Jesse. "Wewe unatoka wapi?"

"Tarakea, babu."

"Hilo jani umelikata wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa hiyo umelishika Rombo nzima mpaka hapa, na mpaka wangu hujaugusa bado. Mtu hatembei na isale njia yote hiyo kwa kosa ambalo hajalifanya. Kila mmoja atasema lake. Asiyesema, amekuja kunidhihaki." Kisha akaliangalia panga, kwa upole, kama mtu anayemwangalia mbwa wake.

"Kikao cha dharura!" Praygod akaita.

Wakajikusanya nyuma ya kosta. Gladness akauliza ajenda ni nini. Jesse akatoa hoja kwamba wakimbie. Yusuph, fundi simu wa mjini, mtu wa ukweli ukweli, akasema: "Si tumwambie tu ni alama ya kutambuana? Yaani hakuna msamaha wala nini."

"Nenda kamwambie."

Yusuph akachungulia. Mzee Elisaria alikuwa ameshikwa mkono na mke wake, anafuta machozi kwa kofia.

"Aka," Yusuph akasema. "Mwenyekiti ndiye msemaji."

"Basi sikilizeni," Praygod akasema. "Kila mtu atafute kosa. Dogo, safi, la haraka. Saa kumi tuwe getini."

Wakapanga mstari. Mwenyekiti akaanza.

"Babu, mimi... kuna siku nilipita hapa, sikukusalimia."

"Nilikuona," Mzee Elisaria akasema.

Praygod akageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yake. Kabla ya leo hajawahi kufika Old Moshi tangu azaliwe.

"Nilikuona kabisa. Nikasema, huyu ni mtoto wa nani, hana adabu. Nimekusamehe. Aikaeli, mpe."

Kumbe msamaha haupiti mkavu. Bibi Aikaeli alikuwa na kata ya mbege, pombe ya ndizi, na sahani ya kiburu cha moto, ndizi na maharage vimepondwa pamoja vikapondeka, na hakuna kuondoka hujala. Praygod akala akiangalia saa ya simu.

"Mimi babu," Rukaya akasema, "nilinunua maziwa yanayotoka huku kwenu, nikatangaza mtaa mzima kwamba yametiwa maji."

Bibi Aikaeli akamwangalia mume wake. Mume wake akaangalia mgomba.

"Hilo," Mzee Elisaria akasema, "hilo tusilichimbe sana. Nimesamehe. Mwingine!"

Rukaya mbege hanywi, akapewa maziwa ya mgando, na alisema baadaye kwamba hayo hayakuwa na maji hata tone.

Yusuph akaja. "Babu, mimi nilisema watu wa Old Moshi ni wabahili."

"Ulisemea wapi?"

"Msibani."

"Walicheka?"

"Sana, babu."

"Basi hilo si kosa. Ulifariji wafiwa. Kula."

Mstari ukaanza kukimbia. Mmoja alimwonea wivu mzee kwa parachichi zake. Mwingine alilala kanisani siku ambayo mzee alisoma matangazo. Gladness, kwa kuwa ni katibu, aliomba radhi kwa niaba ya wote waliochelewa, na akasamehewa kwa jumla. Praygod akaanza kuliona lile shada tena, na yeye jukwaani, na Lulu anainamisha shingo.

Kisha akafika Jesse.

Jesse ni mtu mmoja ambaye cheo cha makamu kinamwasha mwilini kama upupu. Akiona mwenyekiti amepewa kata moja ya mbege, yeye anataka mbili. Kosa la salamu aliliona la kitoto. Akajitupa chini, akalia kwa sauti.

"Babu! Mimi ndiye niliyemwiba ng'ombe wako!"

Bibi Aikaeli akaiweka kata chini.

"Ng'ombe gani?" Mzee Elisaria akauliza taratibu.

Jesse hakutegemea swali. "Yule... mweusi."

"Mweusi wa paji jeupe?"

"Huyo huyo, babu."

"Yesuu!" Bibi Aikaeli akapiga ukelele, akashika kichwa. "Ni Furaha! Mume wangu, ni huyu amemchukua Furaha wetu!"

Kweli, msomaji. Mwaka juzi zizi la Mzee Elisaria lilivunjwa na ng'ombe mweusi wa paji jeupe akaenda mpaka leo. Jesse alikuwa anabahatisha, na bahati ikamjibu.

"Nimekusamehe," Mzee Elisaria akasema. "Isale ni isale. Ila ng'ombe unamrudisha. Utakaa hapa mpaka baba yako aje kutoka Tarakea, tumalize kama watu wazima."

"Babu, nilikuwa natania!"

"Unataniaje na isale mkononi?"

Nakwambia ukweli, moyo wa Praygod uliruka kwa furaha. Jesse abaki hapa! Jesse ambaye kila siku anamchimba kwenye grupu! Akaanza hata kugeuka aelekee kwenye kosta. Halafu akakumbuka. Watu wote pamoja, hakuna aliyebaki. Akipungua mmoja, hata kama ni Jesse, tawi si kamili, na shada ni la Arusha.

Simu yake ikalia. Picha. Wa Arusha wako njiani, wametoa vidole viwili dirishani, wamevaa fulana. Wao shangazi walimkubali mmoja.

Khamisi akapiga honi ndefu.

"Mwenyekiti," Jesse akasema kutoka chini, safari hii analia kweli. "Mwanangu, usiniache."

Praygod akameza kiburu kilichobaki mdomoni. Akapiga goti la pili la siku hiyo, na hili alilipiga mwenyewe kwa akili zake.

"Babu, huyu hajaiba ng'ombe. Huyu anaogopa hata mbuzi. Mimi sijawahi kupita hapa. Rukaya sijui, ya maziwa mtajuana wenyewe. Lakini sisi wote ni waongo. Hatukuja kuomba msamaha. Majani haya nilisema mimi yawe alama, tutambuane. Hatujuani. Tunakwenda zetu kwenye shoo."

Nilitegemea panga, na Praygod naye alitegemea panga, akafumba macho kabisa. Halikuja. Lilikuja jambo baya zaidi. Mzee Elisaria alirudisha kofia kichwani, akaivuta vizuri, kama mtu aliyekutwa uchi.

"Nimelia mbele ya mke wangu," akasema.

"Tusamehe, babu."

"Kwa jani gani sasa? Mmeshayamaliza." Akakaa kwenye kigogo. "Shoo ya nani?"

"Ya Lulu Baruti, babu. Uwanjani."

Bibi Aikaeli aliyekuwa ameinama kuokota sahani hakuinuka. Alibaki pale pale, ameinama.

"Jina hilo," Mzee Elisaria akasema, "halitajwi kwangu. Redio niliyokuwa nayo niliivunja kwa ajili ya jina hilo. Ingieni kwenye gari lenu. Wote. Na wewe mwizi wa uongo, nenda. Waongo wote, tokeni."

Wakaanza kuondoka, vichwa chini, Jesse mbele kabisa kama risasi. Na ndipo sauti ikatoka nyuma ya kosta.

"Si wote, babu."

Kosta nzima ikasimama mguu mmoja ngazini. Ile sauti haikuhitaji utambulisho. Wana-Baruti wameiweka mlio wa simu. Wameamka nayo, wameachwa na wapenzi nayo. Haya, sasa ilikuwa inatoka kwa msichana mmoja aliyevaa koti la mvua la kiume na kofia ya baridi iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Kila mtu alidhani amekuja na mwenzake.

Akavua kofia.

Gladness akaanguka chali. Hakuna aliyemdaka, kila mkono ulikuwa umeshatoa simu.

"Shusheni hizo simu," Praygod akasema, na sijui alitoa wapi nguvu. Zikashuka. Karibu zote.

Lulu Baruti, ambaye mabango yake yamejaa mji mzima, akapita katikati yao bila kumwangalia hata mmoja, akapiga magoti kwenye tope mbele ya kigogo. Mkononi alikuwa na jani la isale.

"Yuditha," Bibi Aikaeli akasema. Hakuwa amesahau jina la mjukuu wake.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba," bibi akasema. Babu hakusema. Shikamoo ile ilielea hewani, ndugu yangu, ikaelea, na wewe unajua nimekwambia nini kuhusu watu wa rika lake.

"Niliona kwenye grupu lao wanakutana hapa mlangoni kwetu, wameshika isale," Yuditha akasema. "Nikasema, nikija peke yangu nitafukuzwa getini. Nikija nao nitafika mpaka hapa. Babu, mimi kosa langu nalijua. Siku ya kipaimara changu nilitoroka."

"Endelea," Mzee Elisaria akasema akiangalia migomba. "Sema lote, hawa wenzako walisema yao."

"Ng'ombe alishachinjwa. Mahema yamefungwa, mchungaji amekaa. Mimi nikapanda basi la Dar kwenda kushindana kuimba."

"Nilisimama mbele ya wageni," mzee akasema. "Walikuja mpaka wa Machame. Kila aliyeniuliza nilimjibu, anakuja, anavaa. Anakuja, anavaa. Mpaka jioni nasema anavaa. Watu wakala nyama yangu, wakaniaga bila kuniangalia machoni."

"Ndiyo maana nimekuja, babu. Lipokee."

Akanyoosha jani. Mzee Elisaria akapeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaikutanisha huko.

"Mume wangu!" Bibi Aikaeli akashtuka. "Isale halikataliwi!"

"Sijalikataa. Ila hakuna desturi inayosema nilipokee leo."

"Basi nakaa," Yuditha akasema. Na akakaa kweli, kwenye tope, na koti lake. "Uwanja usubiri. Siimbi mpaka ulipokee."

Mmesikia? Mashabiki kutoka mikoa mitatu wako njiani. Jukwaa limeshajengwa, taa zimewashwa mchana kweupe kwa majaribio. Na mwenye shoo amekaa kwenye tope Old Moshi, ameshika jani.

Jesse akamsukuma Praygod kwa kiwiko. "Ongea na mzee, bwana! Wewe si ndiye mwenyekiti? Mwambie alipokee twende! Tunaingia naye kwenye kosta, getini Arusha watazimia!"

Na Praygod, aibu gani hii, aliiona hiyo picha. Aliiona nzima. Lulu kiti cha mbele, yeye pembeni yake, shada...

"Mwenyekiti," Mzee Elisaria akaita.

"Naam, babu."

"Simama nikuone. Wewe umenidanganya nikalia. Halafu ukauvunja uongo wako mwenyewe kwa ajili ya huyu mpumbavu wa ng'ombe, na hukulazimishwa. Mke wangu atasema nipokee kwa sababu ni bibi. Huyu atasema nipokee kwa sababu ana shida. Wewe si wa ukoo wangu." Mikono ilikuwa bado nyuma. "Nakuuliza wewe. Nilipokee, nisilipokee? Na usinijibu kama mtu anayewahi shoo."

Yuditha akageuka kumwangalia. Msichana ambaye Praygod alimvisha shada usiku kucha kwenye mto sasa alikuwa anamwangalia yeye, macho kwa macho, na tope mashavuni, anangoja neno lake moja.

Praygod akafungua mdomo.

Na kabla neno halijatoka, macho yake, yenyewe tu, bila kutumwa na mtu, yakashuka kwenye simu kuangalia saa.

Mzee Elisaria akayaona.